Profesa wa Shaba na Funguo za Hazina

Swali moja limekuwa likirudi katika mazungumzo ya watu wa mji wa Likasi, Kongo, tangu mishahara ya Gécamines, kampuni ya dola ya kuchimba shaba, ilipoanza kuchelewa, na linaulizwa na wastaafu waliomaliza ujana wao viwandani sawasawa na vijana ambao hawakuwahi kuiona posho ya kampuni: ikiwa nchi ilikuwa na maprofesa walioisomea biashara ya shaba mpaka ngazi ya juu kabisa, na ikiwa maprofesa hao waliitwa serikalini wakakabidhiwa wizara za uchumi na fedha, ilikuwaje shaba ikauzwa mwaka hadi mwaka na nchi ikazidi kufilisika?

Majibu mawili husikika upesi. La kwanza husema kwamba wasomi wote waliokaribia utawala walikwenda kula, na la pili husema kwamba elimu ya vitabuni haifai kitu mbele ya mambo ya dunia. Yote mawili yanamwachia msomaji mikono mitupu, kwa sababu hayaelezi fedha zenyewe zilipita wapi, nani aliziona zikipita, na nani alikuwa na uwezo wa kuzizuia. Sura hii inafuata maisha ya mtu mmoja, Nyembo Shabani, mwanauchumi wa chuo kikuu aliyeandika kitabu juu ya shaba kabla ya kuwa waziri, ili kuonyesha kwamba mtu anaweza kuijua biashara kuliko wenzake wote katika baraza na bado asiwe na njia ya kuiokoa.

Kutoka Elisabethville hadi Louvain

Nyembo Shabani alizaliwa mwaka 1937, wakati Kongo ilipokuwa koloni la Ubelgiji na Likasi ikiitwa Jadotville, jina ambalo mji uliendelea kulibeba hadi mwaka 1966. Alisoma katika Institut Saint-Boniface mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Likasi, kisha akaenda Ubelgiji katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Kizazi chake kilikuwa na bahati nzito: nchi ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wachache mno, na kila kijana aliyerudi na shahada alikuta kazi ya watu kumi ikimsubiri.

Kati ya mwaka 1964 na 1965, akiwa bado hajatimiza miaka thelathini, aliongoza ofisi ya ushirikiano wa kiuchumi iliyokuwa chini ya Waziri Mkuu, kisha akarudi Louvain na kufanya utafiti wa uchumi kuanzia mwaka 1967 hadi 1976. Muda huo mrefu wa utulivu ulizaa kitabu kilichotoka mwaka 1975 kuhusu tasnia ya shaba duniani na maendeleo ya kiuchumi ya ukanda wa shaba wa Afrika, yaani ile nchi ya madini inayoanzia Kolwezi, kupitia Likasi na Lubumbashi, na kuvuka mpaka hadi Kitwe na Ndola nchini Zambia.

Mwaka wa kutoka kwa kitabu unastahili kuangaliwa. Aprili 1974 tani moja ya shaba iliuzwa kwa zaidi ya dola 3,000 za Marekani, na mwaka uliofuata bei ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya hapo. Shaba ilikuwa ikiiletea Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, takriban theluthi mbili ya mapato yote ya mauzo ya nje, na serikali ilikuwa imekwisha kukopa kwa kutegemea kwamba bei ya mwaka 1974 ingedumu. Agosti 1975, vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela, iliyokuwa njia fupi ya kuipeleka shaba ya Katanga baharini. Kwa hiyo, profesa huyu alipoanza kufundisha katika kitivo cha uchumi cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mwaka 1976, yale aliyoyaandika yalikuwa yakitokea nje ya dirisha la darasa.

Safari ya bamba moja la shaba

Ili kuelewa kilichomsubiri serikalini, inafaa kulifuata bamba moja la shaba kutoka kiwanda cha Shituru, hapo hapo Likasi, mpaka linapogeuka kuwa fedha.

Mawe yenye madini husagwa na kuoshwa, kisha huchanganywa na tindikali ya salfa inayoitoa shaba ndani ya mawe na kuiacha katika maji ya rangi ya buluu. Maji hayo huingizwa katika matangi marefu yenye mabamba yaliyoning'inizwa kwa safu, na umeme unapopitishwa, shaba huhama kutoka majini na kujishikiza juu ya karatasi nyembamba ya shaba iliyotangulizwa, hata baada ya siku kadhaa karatasi ile inakuwa bamba zito jekundu, safi karibu kabisa. Mfanyakazi wa zamu huliona likinyanyuliwa na winchi, likioshwa, likipakiwa katika behewa. Hapo macho yake yanaishia.

Miaka hiyo behewa lilikwenda kusini kupitia Zambia mpaka bandari za Afrika Kusini, au lilishika njia ya taifa, iliyokuwa treni hadi Ilebo, mashua mtoni hadi Kinshasa, kisha treni tena hadi Matadi. Bei haipangwi Likasi wala Kinshasa. Inafuata Soko la Metali la London, mahali ambapo wauzaji na wanunuzi wa dunia hukubaliana bei ya siku. Mnunuzi hulipa fedha za kigeni, yaani dola au faranga ambazo nchi hutumia kununua dizeli, vipuri, dawa na unga kutoka nje, na fedha hizo huingia katika akaunti iliyo ng'ambo.

Swali lote la sura hii limekaa katika akaunti hiyo. Kampuni ya kuchimba, iliyonyang'anywa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière tarehe 1 Januari 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, haikuwa ndiyo inayouza. Tangu katikati ya miaka ya 1970, uuzaji ulikuwa mikononi mwa kampuni nyingine ya dola, Sozacom, na kati ya fedha alizolipa mnunuzi na zile zilizorudi Gécamines kununua vipuri, au zilizofika Benki ya Zaire, palikuwa na nafasi ambayo Rais Mobutu na watu wake waliweza kuingiza mkono bila kupita kwa waziri yeyote.

Kamishna wa Dola alikuwa nani

Katika Zaire ya Mobutu mawaziri waliitwa Makamishna wa Dola. Cheo kilikuwa kikubwa machoni pa watu, kikiwa na gari, walinzi na picha gazetini, lakini kisheria na kivitendo kamishna alikuwa mtekelezaji wa maamuzi ya Rais, aliyeteuliwa kwa tangazo la redio na kuondolewa vivyo hivyo, mara nyingi kabla hajamaliza kusoma mafaili ya wizara yake.

Nyembo Shabani aliteuliwa Februari 1977 kuwa Kamishna wa Uchumi wa Taifa. Mwezi uliofuata vita ya kwanza ya Shaba, kama jimbo la Katanga lilivyoitwa wakati huo, ilianza magharibi mwa jimbo, na Mei 1978 vita ya pili ikauingia mji wa Kolwezi wenyewe. Katika miaka kumi na miwili hivi iliyofuata alipitishwa katika uchumi na viwanda, mali za dola, kilimo na maendeleo ya vijijini, biashara ya nje, bajeti, fedha, kisha kilimo tena. Wizara ya mali za dola, aliyoishika kuanzia mwaka 1978 hadi 1980, ndiyo iliyosimamia makampuni ambayo dola ilikuwa na hisa ndani yake, na kubwa kuliko yote ilikuwa Gécamines.

Mtu akiisoma orodha hiyo kwa haraka ataona mafanikio. Akiisoma polepole ataona kwamba hakukaa katika kiti chochote muda wa kutosha kupanda kitu na kukivuna. Kuwahamisha makamishna mara kwa mara ilikuwa mbinu ya kutawala: aliyekaa mahali pamoja angeweza kujua mafaili, kujenga marafiki, na siku moja kumwambia Rais hapana. Msomi wa shaba aliyepelekwa kilimo kisha kurudishwa uchumi alikuwa akikumbushwa kila mara kwamba ujuzi wake sio uliomleta pale.

*Kwa ufupi:*
- Shaba ilileta sehemu kubwa ya fedha za kigeni, lakini fedha hizo zilipita kwanza katika mikono isiyokuwa ya wizara.
- Kamishna alikuwa na wajibu wa kulipa madeni na mishahara, bila mamlaka juu ya chanzo cha malipo.
- Kuzungushwa wizarani kulimfanya kila msomi awe mgeni wa kudumu.

Mzungu wa benki

Ushahidi bora wa hali hiyo haukutoka kwa Mkongo. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo hukopesha nchi zilizoishiwa na fedha za kigeni kwa masharti, lilimweka Mjerumani Erwin Blumenthal ndani ya Benki ya Zaire akiwa na mamlaka makubwa juu ya fedha za kigeni, wakati huo huo Nyembo Shabani akisimamia mali za dola. Blumenthal alizuia mikopo na fedha za kigeni kwa makampuni kadhaa ya watu waliokuwa karibu na Rais, jambo ambalo hakuna kamishna Mzaire angethubutu kulifanya akalala usingizi. Mwaka 1979 aliondoka. Katika ripoti aliyoiandika baadaye, iliyojulikana mwaka 1982, alieleza kwamba hapakuwa na matumaini ya wakopeshaji kurudishiwa fedha zao maadamu utawala ulikuwa ule ule, na kwamba mpaka kati ya mfuko wa dola na mfuko wa Rais haukuwepo.

Tukio hili lina uzito kuliko takwimu nyingi. Mgeni mwenye pasipoti ya Ujerumani, mwenye Shirika la Fedha nyuma yake na wakopeshaji wote wa Magharibi upande wake, alishindwa ndani ya mwaka mmoja. Profesa wa Kinshasa, ambaye familia yake iliishi humo humo na ambaye uteuzi wake ulitegemea redio ya jioni, alikuwa na nini cha kushindana nacho? Hali yake ilifanana na ya mama wa nyumba anayetakiwa kupanga matumizi ya mwezi, kulipa karo na kujaza gunia la unga wa bukari, ilhali mshahara unachukuliwa na mwingine mlangoni pa kazi kabla haujafika nyumbani.

Sozacom ilivunjwa mwaka 1984 na Gécamines ikapangwa upya, ikiwa na tawi lake la biashara, chini ya kampuni mama iliyoitwa Gécamines Holding. Umbo lilibadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilikuwa bado ikiulizia mamia ya mamilioni ya dola ya mauzo ya madini yasiyoonekana katika hesabu za taifa.

Haki inadai jambo jingine lisemwe pia. Kukosa mamlaka hakumwondolei mtu kila wajibu, kwa maana mlango wa kutoka ulikuwepo, hata kama ulikuwa mwembamba na wa hatari, na wapo waliopita humo: wabunge kumi na watatu walimwandikia Rais barua ya wazi mwaka 1980 na wakafungwa kwa ajili hiyo. Msomi aliyebaki ndani aliipa serikali kitu ambacho ilikihitaji mno mbele ya wakopeshaji, yaani sura ya mtu anayejua anachokisema. Ripoti zenye jedwali safi na lugha ya Louvain ziliuwezesha utawala kupata mkopo mwingine, na mkopo ule uliongeza deni ambalo watoto wa Likasi walikuja kulirithi.

Gavana na noti ya milioni tano

Mwaka 1991 Nyembo Shabani alishika kiti cha gavana wa Benki ya Zaire, akakaa hapo hadi mwaka 1993. Hakuna wakati mbaya zaidi ambao mwanauchumi angeweza kukabidhiwa benki kuu. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, ilikuwa imeporomoka, na pamoja nayo sehemu kubwa ya shaba ya nchi. Septemba 1991 askari waliokosa mishahara walianzisha uporaji mjini Kinshasa, na uporaji huo ukaenea hadi miji ya Katanga. Gécamines, iliyotoa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986, ilikuwa ikielekea tani 30,000 hivi za mwaka 1994.

Hapa msomaji anahitaji kuelewa mfumuko wa bei, yaani bei za vitu vyote kupanda kwa pamoja kwa sababu fedha zimeongezeka kuliko bidhaa. Serikali isiyokusanya kodi na isiyopata fedha za shaba, lakini yenye askari wa kulipa, inabaki na njia moja: kuiambia benki kuu ichapishe noti. Askari analipwa, anakwenda sokoni, anakuta unga ni ule ule na noti ni nyingi mara mbili, basi muuzaji anapandisha bei. Mwezi unaofuata askari anataka mshahara mkubwa zaidi, na mashine inachapa tena. Mfanyakazi wa Likasi aliyepokea mshahara Ijumaa alijua kwamba asipoununulia unga na mafuta siku hiyo hiyo, Jumatatu utanunua nusu.

Mwishoni mwa mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni tano, yenye picha ya Mobutu, ambayo thamani yake halisi ilikuwa kama dola mbili. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi, aliyekuwa amechaguliwa na Mkutano Mkuu wa Taifa, aliitangaza kuwa si halali na akawataka wafanyabiashara waikatae. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti hiyo, wakaenda kununua, wakakataliwa. Ndipo Kinshasa ikaporwa kwa mara ya pili, watu wengi wakauawa, akiwemo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Oktoba 1993 fedha mpya ilianzishwa kwa kubadilisha zaire milioni tatu za zamani kwa moja mpya, na bado mwaka 1994 bei zilipanda kwa takriban asilimia 9,800.

Mwanauchumi yeyote wa mwaka wa kwanza angeweza kutabiri mwisho wa noti ile, na gavana, ambaye alikuwa amewafundisha wanauchumi wa mwaka wa kwanza, aliujua zaidi. Lakini benki kuu ya wakati huo haikuwa huru, maana yake Rais aliweza kuiamuru ichapishe, na kati ya Rais na Waziri Mkuu waliogombea funguo zake hapakuwa na sheria iliyomlinda aliyekaa katikati.

Likasi ililipa nini

Gharama ya hadithi hii haikulipwa Kinshasa peke yake. Kampuni ilikuwa ndiyo mwajiri, hospitali, shule, maji na umeme wa mji, na posho yake ya unga, maharage, samaki na mafuta ndiyo iliyolisha kambi za wafanyakazi tangu wakati wa Wabelgiji. Kampuni ilipodhoofika, wanasiasa wa jimbo waliwatafutia watu adui wa karibu. Kuanzia mwaka 1992 familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa na watoto na wajukuu waliozaliwa hapo hapo, zilifukuzwa nyumbani na kazini. Maelfu kwa maelfu wakalala kwa miezi katika kituo cha reli cha Likasi wakisubiri treni, na wengi, hasa watoto, walikufa kabla ya kufika. Hawa ndio waliokuwa wakiendesha matangi ya Shituru na kufundisha shuleni. Hakuna tani ya shaba iliyopatikana kwa kuwafukuza.

Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa wanadai mishahara ya miaka, na walipewa malipo ya mkupuo yaliyokuwa pungufu ya haki waliyoihesabu wenyewe. Wastaafu hao ndio wanaouliza lile swali kwa uchungu zaidi.

Je, profesa anaweza kufaulu?

Afrika Mashariki inatoa mfano wa kulinganisha. Mwai Kibaki alikuwa mhadhiri wa uchumi Makerere kabla ya kuacha darasa mwishoni mwa mwaka 1960 na kuingia siasa za Kenya, akawa Waziri wa Fedha kuanzia mwaka 1969 hadi 1982. Bei ya kahawa ilipopanda sana mwaka 1976 na 1977, sehemu kubwa ya ongezeko ilifika kwa wakulima wenyewe, kwa kuwa njia ya fedha kutoka mnunuzi hadi kwa mkulima ilikuwa inajulikana. Kenya ilikuwa na ufisadi wake. Hata hivyo Waziri wa Fedha alikaa miaka kumi na mitatu mahali pamoja, na hazina ilikuwa hazina.

Katika Kongo yenyewe, Augustin Matata Ponyo wa Maniema, aliyetoka benki kuu, akawa Waziri wa Fedha mwaka 2010 na Waziri Mkuu kuanzia 2012 hadi 2016, alionyesha kinachowezekana: mishahara ya watumishi wa dola ilianza kulipwa kupitia benki badala ya kubebwa kwa magunia ya noti kupitia mikono ya wakubwa, na mfumuko wa bei ukabaki chini kwa miaka kadhaa. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu miaka kumi ya kazi za kulazimishwa katika kesi ya fedha za shamba la Bukanga Lonzo, hukumu ambayo yeye aliipinga. Mambo yote mawili yako katika kumbukumbu za nchi, na anayefundisha uchumi hana budi kuyafundisha yote mawili.

Kwa hiyo, siku redio itakapotangaza tena kwamba profesa wa uchumi ameteuliwa waziri, mkazi wa Likasi asianze kwa kuuliza alisoma wapi. Aulize fedha za madini zinaingia akaunti ipi, nani anaweza kuzitoa bila saini ya waziri, na hesabu zake zimechapishwa lini. Swali hili sasa lina msingi wa sheria: Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza kwamba katika mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni hulipa dola kwa kila madini inayouza, asilimia 50 iende serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa mamlaka ya mahali pale madini yanapotoka, na 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo. Wakazi wa komini za mji, yaani Kikula, Panda, Shituru na Likasi, wana haki ya kwenda katika ofisi ya meya na kuomba kuonyeshwa ile asilimia 15, mwaka kwa mwaka, kwa maandishi. Waende.